Hongera, Fundi wa Nyumbani

Tumpongeze mwenzetu wa Minneapolis aliyekataa kunyonywa na mafundi. Mashine yake ya kukaushia nguo iligoma kutoa joto. Bisibisi mkononi, akambaini mchawi: fyuzi ya joto, kidude kinachokata umeme mashine ikichemka kupita kiasi, na kikishakatika hakirudi. Kipya ni bei ya chakula cha mchana, lakini kwa nini ununue msaliti mwingine? Akaunganisha nyaya moja kwa moja, joto likarudi.

Hekima iliyoje! Ndivyo mlinzi anayepiga yowe la mwizi usiku anavyofukuzwa, familia ikalala. Ndivyo mkaguzi anayeona pengo kwenye hesabu anavyohamishwa, hesabu zikanyooka.

Bomba la kutolea hewa limejaa manyoya ya nguo tangu enzi, na lisiguswe: pamba kavu hutunza joto. Faida tayari inaonekana, mashati yanatoka ya moto hata pasi hayaitaki. Limebaki jambo dogo tu: king'ora cha moshi pale koridoni kimeanza umbea. Jumamosi nacho kitapata dawa yake.