Ubuyu wa Msamvu

Mpwa wangu alipokuwa anasoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), pale chini ya Milima ya Uluguru, hakuwa na habari na wauza ubuyu wa stendi ya Msamvu. "Mjomba, hiyo rangi inachafua meno," alikuwa akisema, huku akijifuta vidole kama aliyeshika grisi.

Akapata ufadhili, huyo Wageningen, Uholanzi, kusomea shahada ya uzamili. Hata mwezi haujaisha, simu ikalia usiku: "Shikamoo mjomba. Naomba ubuyu." Nikadhani anataka umbea, maana siku hizi ubuyu ndio huo. Kumbe anataka ule mwekundu, uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili!

Nikamtumia nusu kilo kwa msafiri. Sasa anahesabu mbegu kama tasbihi: tatu baada ya mhadhara, tano siku ya mtihani. Anamung'unya mpaka mbegu inabaki kavu, nyeusi, haina hata utamu wa kusingizia, na bado anaona uchungu kuitupa.

Ananiambia unga wa ubuyu upo hata huko, kwenye maduka ya vyakula vya afya. Umoja wa Ulaya uliuruhusu mwaka 2008, ukauita chakula kipya. Kipya! Bibi yake kule Matombo aliumung'unya kabla Umoja wenyewe haujazaliwa.

Wewe unayemkunjia pua muuza ubuyu pale Msamvu, nunua kabisa. Ughaibuni utaupata umefungwa vizuri, umeandikwa vizuri, na hauna iliki.