Gari la Bando

Samburu yetu ya Kwale, hii iliyo kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, si ile ya kaskazini yenye tembo wa kupigwa picha, kiti cha gari hupashwa moto bure. Liegeshe nje ya soko saa saba mchana, kisha urudi ukae. Utaruka.

Sasa nasikia mwaka 2022 BMW, huko Korea Kusini na Uingereza, waliwauzia watu gari lenye kiti cha kupasha makalio, nyaya zimo ndani, lakini kuwashiwa ni kwa malipo ya mwezi. Uingereza ilikuwa pauni 15. Watu wakapiga kelele, mwaka uliofuata BMW wakaacha. Usishangilie. Mwaka huohuo wa 2022 Mercedes walitangaza kule Marekani dola 1,200 kwa mwaka, ati gari la umeme lichomoke haraka zaidi. Mota ni ileile, spana haikuguswa. Ni programu tu imefunguliwa kufuli.

Zamani muuza gari alikula mara moja, waliobaki wakila ni fundi na muuza spea. Sasa kagundua kwamba kufuli likikaa ndani ya kompyuta, atamla mnunuzi wa kwanza, na gari likiuzwa amle na wa pili. Na wa pili ni nani kama si sisi? Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka 8, kwa hivyo gari la 2022, mwaka wake nao ukihesabiwa, lina ruhusa ya kushuka Kilindini hadi mwisho wa 2029. Litakuja na kiu yake ya bando.

Mazoezi tumeshaanza. Redio ya Probox yangu inanisemesha Kijapani, ikidai kadi ya ramani iliyobaki hukohuko kwao. Masafa yake yanakomea 90; Pwani FM niliipata baada ya fundi kuchomeka kidude.

Halafu kuna treka ya walionikopesha pesa za gari. Ada yake ya mwaka nalipa mimi, ili nichungwe mimi! Juzi rejesho lilichelewa, Probox ikagoma kuwaka pale Taru, jua la utosi, nyuma kuna mbuzi wawili wa mahari na shemeji amenuna. Nikapiga simu. Binti akanijibu kwa sauti ya asali: "Mzee, lipa kwanza, mfumo utafungua wenyewe."

Fundi wa hapo Taru akainua boneti, akachungulia, akaishusha.

"Mjomba, hii si ya spana. Hii ni ya M-Pesa."

Akanidai mia mbili ya kuchungulia.