Dola Haina Ruhusa ya Kuzeeka

Chuoni tulisoma fedha miaka yote ile bila kugusa noti. Tulijua mizania, tulijua uwiano wa ukwasi, tulichora riba ikipanda na kushuka kwa kalamu za rangi, na mtu akituuliza tunasoma nini tulijibu kwa sauti nzito: fedha. Halafu unapata staji, yaani mafunzo ya kazini, katika benki kubwa hapa Likasi, mama anakopa kwa jirani akununulie viatu vyeusi, mtaa mzima wa Kikula unajua kwamba sasa una ufunguo wa kasiki, na kazi ya kwanza unayokabidhiwa asubuhi hiyo ni kupiga mswaki.

Si meno. Mashine ya kuhesabia noti. Nitaieleza mbele, kwa sababu kwanza lazima msomaji aliye mbali na Kongo ajue kwamba sisi tunatumia fedha mbili, na hizo mbili hazikulelewa nyumba moja.

Franka ni ya mboga, ya teksi, ya unga wa bukari. Dola ni ya kodi ya nyumba, ya mahari, ya friji, ya karo, na sehemu kubwa mno ya amana zilizomo katika benki za nchi hii ni dola. Franka inaruhusiwa kuishi maisha yake. Inaweza kukunjwa mara nane ikafungwa kwenye pindo la kitenge, ikanuka samaki wa Kapolowe, ikapoteza pembe moja, ikaunganishwa kwa gundi ya karatasi, na bado muuza makaa ataipokea bila kuitazama. Dola haina ruhusa hiyo. Dola ikipata mpasuko wa upana wa punje ya mtama, imekufa. Ikiandikwa nukta ya kalamu, imekufa. Noti ya dola 1 ilizaliwa imekufa, hakuna anayeitaka. Na zile za 100 za zamani, zenye kichwa kidogo, zilizochapishwa kabla ya Wamarekani kukikuza kile kichwa mwaka 1996, usijisumbue hata kuzitoa mfukoni.

Wenye dola zao hawana makuu haya. Kwa sheria yao, noti zote walizotoa tangu 1861 bado ni halali, na noti iliyoungua au kuliwa na panya wanaibadilisha ikiwa zaidi ya nusu yake imebaki. Likasi haitaki kusikia habari hizo. Nimewahi kujiuliza kama si sisi tunaoipenda Marekani kuliko Wamarekani.

Basi nikawekwa chini ya mama mmoja wa gishe ya pili, dirisha la kuhudumia wateja, ambaye sote, hadi meneja, tulimwita Yaya. Yaya hakuwa na muda na uwiano wa ukwasi. Alichukua noti ya 100 kwa vidole viwili, akaipapasa kwa ukucha wa kidole gumba kwenye kola ya koti la Benjamin Franklin, pale penye mikwaruzo midogo, akaigeuzia dirishani kutafuta tundu la pini, kisha akakagua pembe nne, moja moja. Pembe aliziita masikio.

“Anza na masikio,” aliniambia. “Na usimwangalie mutu mwenye kuleta. Angalia noti. Mutu atakuchekea, utamuhurumia, na mangaribi ni weye utalipa.”

Taa ya zambarau ya kutambua noti bandia ilikuwepo, mpya, kwenye kasha lake. Yaya alikuwa ameegeshea kikombe cha chai juu yake.

Mwenzangu wa staji alikuwa kijana nadhifu kuliko sote, amemaliza kwa alama za juu, shati lake halikujua kukunjamana. Mfanyabiashara wa saruji alileta dola 1,000, noti kumi za 100 zinazong'aa, pamoja na hati ya kuwekea. Yaya alikuwa ameinama kutafuta muhuri. Yule kijana aliona karatasi zimetawanyika mezani, na malezi yake hayakumruhusu kuziacha hivyo. Akazipanga, akazigonga ukingoni zikalingana, akachukua stepla.

Sauti ile moja ilisikika mpaka mlangoni kwa mlinzi.

Noti kumi, matundu ishirini. Mfanyabiashara alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona nyoka, akasema, “Hizo si zangu tena.” Yaya akavua miwani, akasema, “Na zetu hazijakuwa bado.” Wote wawili walisema kweli. Benki haikuwa imepiga muhuri, na mteja alikuwa ameshaachia mkono. Kwa muda mrefu dola 1,000 zililala pale kaunta bila mwenyewe, huku foleni nzima ikichungulia. Mwishowe aliitwa kambisti, mmoja wa wale vijana wanaokaa nje kwenye kiti cha plastiki na mabunda ya franka mbele yao hadharani. Akazihesabu, akahesabu na matundu, akataja 90 kwa kila 100. Tofauti ililipwa kutoka mfuko fulani ambao sikuwahi kuuona kwenye mizania yoyote. Tangu siku hiyo stepla ilifungiwa kasikini.

Sasa mswaki. Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa mishahara ya watumishi wake kupitia benki, kwa hiyo siku ya mshahara walimu hufika kabla ya mlinzi mwenye ufunguo. Wanalipwa franka, na franka ni nyingi kwa wingi wa karatasi. Noti yetu kubwa, ya 20,000, ilipotolewa 2012 ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 20. Kufikia 2024 haikufika hata 8. Hesabu ni rahisi: mshahara uleule, gunia kubwa zaidi. Noti hizo zinarudi kutoka soko la Kikula zikiwa na unga, vumbi la makaa na magamba ya samaki, nayo mashine ya kuhesabia ilitengenezwa na watu wasiojua magamba. Ilikuwa inakohoa, inasimama, inaonyesha 98. Unarudisha bunda lilelile, 101. Unapiga mswaki kwenye magurudumu yake, unarudisha, 99. Yaya analichukua, analowesha kidole kwenye sponji, midomo inacheza kidogo: 100. Sikumbuki siku mashine ilipomshinda.

Ilipofika delestaji, yaani mgao wa umeme, mambo yote haya yalifanyika gizani mpaka jenereta ikubali kuwaka, na ikiwaka, kompyuta zinaandika kwamba mtandao hakuna. Hapo stajieri ndiye anayesukumwa kwenda mbele ya ukumbi kuwatangazia watu neno ambalo hakuna aliyelisomea: “Rezo haiko.” Walimu wa hesabu, wa jiografia, wa dini, wote wanakutazama kana kwamba umeila wewe.

Mgeni mmoja alikuja kutufundisha. Siku hizi Kongo tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2022, na wataalamu wa Nairobi si wageni tena hapa kwetu Katanga. Huyu alikuwa mkufunzi mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Asubuhi nzima alitueleza namna ya kumpa mteja imani. Mchana tukaenda naye kula, akaagiza bukari, sombe na samaki, akasifu kila kitu, akatoa noti ya dola 50. Mhudumu akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akarudi nayo ameishika kwa ncha za vidole.

“Papa, hii imekatika.”

Mkufunzi akacheka. Akaeleza kwamba mpasuko ni mdogo sana, kwamba yeye ni mtu wa benki, na akaonyesha kitambulisho. Mhudumu akakisoma kitambulisho chote, akakirudisha kwa heshima. Mkufunzi akasema kwamba hata Marekani kwenyewe noti hii inapokelewa.

“Basi papa, enda kula ku Amerika.”

Tulilipa sisi, kwa franka, tukichanga. Mchana ule somo la imani ya mteja liliendelea, lakini kwa sauti ya chini.

Aliyenifundisha fedha hasa, mbali na Yaya, alikuwa mzee mmoja mstaafu wa migodini. Watoto wake wako Kolwezi, wanamtumia dola, naye alikuwa nazo kwenye akaunti. Kila mwisho wa mwezi alikuja, akatoa fedha zote mpaka ya mwisho, akaketi kwenye benchi, akazihesabu polepole, kisha akapanga foleni upya na kuziweka tena. Vijana tulimcheka. Yaya hakumcheka. Mzee alikuwa na akiba ya noti za zaire, fedha yetu ya wakati huo, za 5 na 10, ile Krismasi ya 1979, Rais Mobutu alipozifuta kwa tangazo moja na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Alikuwa mtu mzima 1993, noti ya zaire milioni 5 ilipokataliwa sokoni, ilhali zaire ilipozaliwa 1967 moja yake ilikuwa dola 2. Mtu wa namna hiyo akitaka kuziona fedha zake mara moja kwa mwezi, mpe kiti.

Mwezi mmoja alitoa, akahesabu, akarudi kwenye foleni, na umeme ukakatika. Nikaenda mbele, nikatangaza. Akanivuta mkono: “Mutoto, zile zinabakia humu za bengine, ziko mu kasha ao ziko mu rezo?” Sikuwa na jibu. Akaenda nazo nyumbani.

Kesho yake akarudi. Yaya akazipokea, ukucha, dirisha, masikio, akatoa noti moja ya 20 na kuirudisha chini ya kioo. Ilikuwa na nukta ya wino.

“Lakini ni weye ulinipatia jana,” mzee alisema.

“Ndiyo, papa. Jana ilikuwa inatoka. Leo inaingia.”

Mzee aliitazama ile noti, akanigeukia mimi niliyesimama na mswaki wangu. “Weye wa chuo. Andika ile.”

Nikaiandika. Imo katika ripoti yangu ya staji, sura ya tatu, chini ya kichwa “Usimamizi wa fedha taslimu”: noti inayotoka na noti inayoingia ni mali mbili tofauti. Mwalimu msimamizi aliipigia mstari mwekundu na kuuliza pembeni, chanzo ni kipi, mwandishi gani, ukurasa wa ngapi. Nikajaza: Yaya, gishe ya pili. Akanipa alama 14 kwa 20, na akaniomba nimsaidie kubadilisha dola 10 iliyokunjika.