Chama cha Wenye Wastani

Wachambuzi wa takwimu wa makampuni wanataka chama cha kufarijiana. Heri yao. Mmoja atasimama asimulie bosi alivyomwambia, "Kijana, watu tisa wanatosha, wewe nipatie grafu inayopanda," na wenzake watatikisa vichwa kama wafiwa. Tatizo ni mikataba: namba ni siri ya kampuni, na bosi naye hatajwi. William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyajua hayo. Makala yake ya 1908 kuhusu sampuli ndogo ilitoka kwa jina la "Student", maana mwajiri hakuruhusu jina halisi. Angalau yeye bia ilikuwa karibu. Hawa watakunywa chai ya rangi, mweka hazina atasoma mapato, na hakuna atakayethubutu kuuliza amezipataje hizo hesabu.