Mwongozo wa Mzazi Aliyehamishiwa Urambo na Kijana wa Miaka 15

Barua ya uhamisho umeipokea, mizigo imeteremka stesheni ya Urambo, na kijana wako ameacha begi la madaftari Tabora. Usipige kelele. Majirani ndiyo kwanza wanakutazama, na begi halitapanda treni ya Kigoma kwa sababu ya sauti yako.

Ujue pia umefika wapi. Unataka kumfundisha mtoto kupanga mambo mahali palipowahi kupangiwa mambo hadi pakachoka. Mwaka 1946 wataalamu watatu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki 9, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea nazo zikaingizwa. Vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa trekta. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mvua haikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Urambo ikageukia tumbaku.

Watu wale hawakuwa na miaka 15. Wanasayansi wanatuambia kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayoshughulika na kupanga, kujizuia na kukumbuka kilichobaki, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Ya mabwana wale ilikuwa imekomaa zamani. Kwa hiyo mtoto akisahau kalamu, mpe nafuu kidogo.

Sasa hatari ya kwanza: rula. Jioni moja utakaa mezani uchore ratiba. Saa kumi na nusu alfajiri kuamka, saa kumi na moja kujisomea, saa kumi na mbili kufagia, mpaka usiku. Utaibandika ukutani na kujisikia vizuri sana. Kijana atajibu, “Sawa, mama,” kabla hujamaliza kuisoma. Hapo ndipo ungepaswa kushtuka. Umeshakuwa London: umepanga wewe, shamba ni la mwingine.

Hatari ya pili ni kuamini kwamba hana kumbukumbu. Mfuate kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Atakutajia nani alifunga dakika ya ngapi, msimu upi, kwa pasi ya nani. Kumbukumbu anayo, kinachomshinda ni kuanza kazi asiyojua inaanzia wapi. Ukimwambia “kasome Biolojia” umempa pori zima akafyeke. Mwambie achore moyo na kuandika sehemu zake kabla ya ugali, na atakaa chini. Kesho yake usimwambie. Muulize: utaanza na nini? Unahitaji nini mkononi? Ukikwama utamwendea nani? Maswali haya yanachosha kuliko amri, nakiri, hasa ukiwa umetoka kazini.

Wanyamwezi walijua bila rula kumpa mtoto kazi ya kiasi chake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wao walibeba vipembe vidogo vya ndovu mabegani. Mzigo uongezwe bega linapokua. Pembe la mtu mzima si la kumtwisha mtoto kisha ukamlaumu kwa kuliangusha.

Kwa hiyo mpe kijana wako kitu kidogo kiwe chake mwanzo hadi mwisho. Robo ekari ya karanga, kwa mfano. Zinaota vizuri Urambo wakilima wanaoijua ardhi. Mbegu anunue yeye, siku ya kupanda akawaulize majirani, gharama aziandike. Akichelewa kupalilia, majani yataota, na mkono wako utawasha kushika jembe. Uache uwashe. Jirani akisema, “Mama, shamba la kijana linaliwa na majani,” jibu kwamba umeliona.

Usimpeleke kwenye tumbaku kwa kisingizio cha kumkomaza. Jani bichi lenye unyevu hupitisha nikotini kwenye ngozi, na kijana huishia kutapika na kupata kizunguzungu. Kukesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku na asubuhi aende shule nako si malezi, na sheria inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18.

Akifika kidato cha nne, kaeni na kalenda. Mtihani wa taifa ni Novemba, mvua zinapoanza na kila mtu anapowaza shamba. Aanzie Novemba arudi nyuma mwezi kwa mwezi, kalamu ikiwa mkononi mwake.

Hatari ya mwisho ni wewe mwenyewe. Mtoto anaona malipo ya tumbaku yanavyoingia kwa majirani, pikipiki inavyonunuliwa wiki hiyohiyo, na deni la mbolea linavyokumbukwa baadaye. Anaona na mshahara wako unavyokwisha tarehe kumi. Nunua madaftari mawili ya hesabu pale sokoni, moja lake na moja lako, na lako ndilo litangulie kuandikwa.