YAH: Pongezi kwa Kutokuwa na Haraka

Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki,
Lausanne, Uswisi.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Huku kwetu tukicheleweshewa jambo ofisini tunaambiwa haraka haraka haina baraka, nasi tukajiona mabingwa wa kungoja. Sikujua kama tuna walimu, mpaka nilipofuatilia mlivyolishughulikia suala la polo ya majini ya wanawake. Wanaume waliucheza mchezo huo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900. Wanawake wakaambiwa wasubiri kidogo. Kidogo hicho kikaisha mwaka 2000.

Mtoto aliyezaliwa siku ile ya Paris angekua, angeoa, angezika wazazi, angeota mvi na kushika mkongojo, na faili bado liko mezani.

Wala hamkuogopa kwamba wangezama. Kuogelea mliwaruhusu tangu Stockholm mwaka 1912, na Fanny Durack wa Australia akaondoka na dhahabu ya mita 100. Kwa hiyo mlijua wanaelea. Nadhani kilichowatatiza ni mpira. Mwanamke majini, sawa. Mpira majini, sawa. Ila vyote viwili kwa pamoja vilitaka uchunguzi, na uchunguzi ukachukua miaka mingine 88.

Ushahidi mlikuwa nao. Mwaka 1979 wanawake walishindania Kombe la Dunia huko Merced, California, Marekani wakalitwaa. Mwaka 1985 Waholanzi wakawa mabingwa wa Ulaya mjini Oslo. Mwaka uliofuata, Madrid, Australia wakabeba ubingwa wa dunia. Nyinyi mkaagiza chai nyingine. Ikabidi wachezaji wa Australia wenyewe, walipoona Olimpiki ya Sydney inakuja mlangoni kwao na wao watakaa jukwaani kuwapigia makofi kaka zao, wapige kelele. Kumbe kelele ndicho kiambatisho kilichokuwa kimekosekana kwenye faili.

Basi mkawapakulia timu sita. Sinia la wanaume lilikuwa na timu 12.

Naomba niwakumbushe fainali ya Septemba 23, 2000, pale Sydney, endapo mlikuwa kikaoni. Australia wanaongoza 3–2 dhidi ya Marekani. Zimebaki sekunde kama 13, Brenda Villa anasawazisha. Watu wanajiandaa kwa muda wa nyongeza. Inapulizwa faulo, Yvette Higgins ana mpira mkononi, mbali na goli. Chini ya maji, pasipoonekana, miguu yake inazunguka huku na huku kama ya mtu anayeendesha baiskeli mbili kwa mpigo, maana mchezo huu hauruhusu kukanyaga sakafu ya bwawa. Anaachia mkono. Nyavu. Saa inaonyesha sekunde 1.3, ubao unasoma 4–3. Kwa hiyo yako mambo yanayowezekana ndani ya sekunde 13, ingawa siwashauri mjaribu, mnaweza kuumia.

Athens mkaongeza timu mbili, zikawa nane. Mkapumzika hapo Beijing, London na Rio. Tokyo zikafika 10, Paris 10 tena, na Los Angeles 2028 mmeridhia 12. Timu sita za ziada kwa miaka 28. Mpishi wa shughuli angepakua kwa mwendo huo, wageni wangekwenda zao na viatu vya mwenye nyumba.

Kuhusu Afrika sitawasumbua sana. Tangu mashindano hayo ya wanawake yaanze, bara zima limeonekana humo mara moja, Tokyo, kupitia Afrika Kusini, waliofungwa na Uholanzi 33–1. Mtasema, si mmeona wenyewe? Tumeona. Mimi nililishangilia lile goli moja mpaka jirani akagonga ukuta.

Rais wenu wa sasa, Mama Kirsty Coventry, ni mwogeleaji wa Zimbabwe mwenye medali saba za Olimpiki. Barua hii asiidhanie yake, faili amelikuta.

La mwisho. Kwa miaka mingi kanuni zilimtengea mwanamume uwanja wa mita 30, mwanamke mita 25, na mpira mdogo kidogo, asije akachoka. Nasikia kuanzia 2025 wanaume nao wamerudishwa mita 25 ili mchezo uchangamke. Nina wasiwasi nao. Wakiona pamewabana, waelekezeni kwa wanawake. Wanapajua kila kona.

Wenu katika kungoja,

Mtazamaji

Nakala: Shirikisho la Michezo ya Majini la Dunia – kwa taarifa, wakipata nafasi.