Chura wa Ngulyati

Kwetu Ngulyati, viumbe wanaosafiri garini bila paa kichwani wanajulikana: ng'ombe wanaopelekwa mnadani kwenye Fuso, mgombea wakati wa kampeni, na mimi. Ng'ombe wana nafuu, maana hakuna anayewasimamisha kuwauliza habari za nyumbani.

Gari langu ni Mazda Roadster, lile toleo la mwanzo kabisa lililozinduliwa mwaka 1989, ambalo taa zake hulala ndani ya boneti mchana na kuibuka giza likiingia. Wamarekani waliliita Miata, Ulaya likawa MX-5, na Japani kwenyewe liliuzwa kama Eunos Roadster. Watoto wa Ngulyati hawakuhitaji vikao vya kutafuta jina. Walisubiri jioni ya kwanza niliyowasha taa, yale macho mawili yakachomoza, wakapaza sauti kwa pamoja: "Chura!" Tangu hapo sina gari, nina chura. "Mwalimu, chura kaamkaje?" ndiyo salamu yangu ya asubuhi, na mimi naulizwa baadaye, kama muda upo.

Nililinunua Mwanza kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa bei ndogo kuliko ya bajaji mpya. Mwenye akili timamu angeuliza kwa nini. Mimi niliwaza kama rangi yake nyekundu itaendana na shati langu jeupe. Namba B, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono. Nafundisha Bariadi mjini na kulala Ngulyati, na kwa miaka mingi nilikuwa nimebanwa kwenye michomoko, siti ya nyuma watu wanne na jogoo mmoja. Nilichotaka kilikuwa kidogo sana: kwenda na kurudi peke yangu, nikisikia upepo.

Upepo niliusikia kwa siku tatu. Ya nne nikajikuta nyuma ya lori la pamba, mwezi wa saba, paa wazi. Simiyu ni mkoa wa pamba, hilo kila mtu analijua, ila kulijua na kulimeza ni vitu viwili tofauti. Nilipoingia darasani nywele zilikuwa nyeupe, nyusi nyeupe, masikio yamejaa vumbi. Chaki huku zinatengenezwa Maswa, hapo jirani, na wanafunzi wangu wakaulizana kwa sauti ya chini kama mwalimu amepitia kiwandani.

Lakini vumbi linaoshwa. Salamu je? Mwenye gari la kawaida akimwona mzee kando ya njia hupiga honi, akainua kiganja, akapita, na heshima yake ikabaki palepale. Mimi naonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama mtu aliyeketi kwenye kigoda barabarani. Honi yangu ni tusi. Inabidi nisimame, "Mwadila, baba," nisubiri jibu, niulizwe watoto, mama, mvua, na chura. Nimekuwa mwenda kwa miguu ambaye hana ruhusa ya kusema miguu inauma. Safari ya kwenda dukani kununua sukari ina vituo kumi na viwili, na sukari yenyewe haijafika nyumbani mama wa jirani keshaiona, maana imekaa kitini, haina pa kujificha.

Na kile kiti. Mwenye Noah iliyojaa anasema imejaa, watu wanachungulia, wanaridhika. Mwenye kiti kimoja kitupu ana kesi kila asubuhi. Nikimchukua mjumbe, shemeji ananuna. Nikimchukua shemeji, mama wa maandazi anasema basi siku hizi nachagua. Nikaona bora nisichukue mtu, nichukue mzigo. Ilikuwa busara ya siku mbili tu, mpaka watu walipogundua kwamba gari lisilo na paa halina mzigo mrefu. Ngazi inasimama. Lumbesa la viazi linakaa wima na kufungwa mkanda. Siku moja nilipita Bariadi mjini nikiwa na plau ya mjomba pembeni yangu, mikono yake miwili imeinuka juu, na jamaa wa bodaboda aliyekuwa anatutazama kwa mbali aliapa kwamba nimepakiza mtu aliyetekwa.

Habari ya mama mkwe ningependa kuipita, ila mke wangu keshaisimulia kwa kila mtu, heri msikie upande wangu. Injini ndogo inayoinua taa ya kushoto ilikuwa imeanza uvivu. Siku hiyo tulikwenda ukweni, tukachelewa kuondoka, mama mkwe akasimama uani kutuaga. Mkwe kwa desturi zetu huheshimiwa kwa umbali. Hata njiani unampisha. Nikawasha taa. Jicho la kulia likafunguka na kumtazama. La kushoto likabaki limefumba.

Gari likamkonyeza mama mkwe.

Kwa hofu nikazima, nikawasha tena. Likamkonyeza mara ya pili, safari hii polepole, kama lina hakika. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaanza kuzungusha kile kidude cha kuinulia taa kwa mkono, na jicho likawa linafunguka kidogo kidogo huku mimi nimeinama mbele yake natokwa jasho. Hakusema neno. Kesho yake alimpigia binti yake simu: "Huyo mumeo sina ugomvi naye. Ila gari lake halina adabu."

Kwa haki ya gari, makosa mengi ni yangu. Nililiegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Mwarobaini unapukutisha majani, na majani yana tabia ya kutafuta tundu. Nyuma ya viti kuna vitundu viwili vya kutolea maji ya paa, ambavyo mwenye gari anatakiwa kuvisafisha. Sikuvisafisha. Mbuzi wa jirani naye aliona turubai lililotandazwa vizuri akadhani ni kitanda. Kwato zikapita, yeye akabaki ananing'inia, akinitazama kama mimi ndiye niliyemkosea. Paa likazibwa na fundi baiskeli kwa kiraka cha tyubu na solushen. Alipomaliza akalipigapiga kwa kiganja na kuniuliza kama nahitaji na upepo.

Kisha mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikakuta bwawa miguuni, na ndani ya bwawa, kando ya pedeli ya klachi, ameketi chura. Chura hasa, wa Mungu. Watoto waliokuwa wanakwenda shule walimwona. Hawakucheka hata. Walitikisa vichwa kwa huruma, kama watu waliokuwa wanajua tangu mwanzo kwamba gari lina mimba.

Waliolitengeneza gari hili huko Hiroshima walikuwa na msemo wao, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji wake kuwa kitu kimoja. Niliuelewa msemo huo mwezi wa pili, nikiwa nawahi msibani kwa njia ya mkato iliyopita mbugani. Asiyeujua udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika asidhani ni tope. Tope unakanyaga ukatoka. Ule unakushika kama mtu unayemdai. Gari lilikaa kwa tumbo, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani, na mimi nikawa kitu kimoja nalo kuanzia magotini kushuka chini.

Akaja mzee mmoja na kijana wake, wakiswaga maksai wanne kutoka kulima. Tukasalimiana kwanza, kwa ukamilifu wake, mimi nikiwa ndani ya tope.

"Hiki kitu kina nguvu gani?"

"Farasi mia na ishirini, baba."

Akainama akachungulia chini ya bampa. Akanyanyuka.

"Wamelala?"

Nikamweleza kwamba ni jepesi, halifiki hata tani moja, kilo 940 tu. Akamgeukia kijana: "Wafungue wawili, wapumzike. Hawa wawili wanatosha." Walitosha. Walilivuta bila kuharakisha, huku mmoja akicheua.

Hela alikataa. Alichotaka ni kile kiti, na paa liwe wazi. Ila maksai wake hakukubali kuwaacha nyuma na kijana peke yao, kwa hiyo tulikwenda kwa mwendo wao, gia ya kwanza, tukitazama mikia. Mzee alisalimia kila nyumba kwa jina, mkono mmoja nje, kama anaomba kura. Msiba niliukosa. Manyunyu yakaanza, nikataka kufunga paa, akanizuia: watu watamwonaje?

Tulifika kwake giza limeingia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anajaribu kutambua ni kitu gani kinamletea mumewe usiku. Mzee akaniambia niwashe taa, mama aone.

Nikawasha.